Jua kali, sombe, na kikaango ambacho sikuazimisha

Siku ya posho, katikati ya mwezi wa tisa, niliamka saa kumi na nusu ya usiku. Katika mwezi ule Uvira hailali vizuri. Mvua bado haijarudi, milima ya Mitumba iko nyuma yetu kama ukuta, ziwa liko mbele, na sisi tuko katikati, kwenye kipande chembamba cha udongo kinachoshika joto la mchana mpaka usiku wa manane. Mabati yanalia yakipoa. Watoto wanalala chini kwenye simiti, bila shuka.

Siku ile nilikuwa na kazi tatu: kumwagilia bustani kabla ya jua, kupika chakula cha watu ishirini na sita, na saa tisa kukaa nao tuzungumze juu ya kasa. Ni jamaa kumi na mbili za wachimbaji. Mabwana wengi wako machimboni, Misisi na Kamituga. Wake zao, mama zao na watoto wako hapa. Chama chetu cha wafanyakazi kilitaka jamaa hizi zianze kuweka pesa kidogo kidogo pamoja, ili shimo likianguka au homa ikiingia, mtu asikimbilie deni.

Nimeshaita mikutano mingi. Ukiita watu wenye njaa kuzungumza pesa, wanakusikiliza kwa heshima halafu wanaenda zao. Ukiwalisha kwanza, watabishana na wewe. Mimi napenda wabishane.

Bustani kwanza

Bustani yangu iko upande wa mto Mulongwe, tuta kumi na moja tu. Ile ya zamani ilikuwa karibu zaidi na maji. Ilienda usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, wakati Mulongwe ilitoka kwenye njia yake ikachukua nyumba na watu. Sisi tulipoteza mboga. Kuna majirani walipoteza watoto. Tangu siku ile ninalima juu kidogo, na maji ninayabeba.

Tunabeba na binti yangu wa tatu. Yeye hesabu inamsumbua, njo maana kila bidoni ikifika anaweka jiwe dogo pembeni ya tuta la kwanza. Asubuhi ile mawe yalikuwa kumi na manne.

Kwa wale ambao wanalima wakati wa jua kali, nawaambia ninavyofanya. Ninamwaga maji asubuhi sana au jioni; ukimwaga saa sita, jua linayanywa mbele ya mmea. Ninamwaga kwenye mzizi, na bidoni ndogo niliyoitoboa matundu kwa msumari wa moto. Kati ya mistari ninatandika majani makavu ili udongo usipasuke. Miche ya nyanya na bitunguu ninaijengea kivuli cha makuti, urefu wa goti. Lengalenga haiombi mengi: majuma matatu au manne baada ya kupanda unakata, unaacha kisiki kifupi, kinachipuka tena.

Pesa ya machimbo inafika siku inayotaka yenyewe. Lengalenga ina tarehe. Nimeona nyumba nyingi za wachimbaji ambazo bwana alikaa miezi minne bila kutuma kitu, na watoto walikula kwa sababu ya tuta tano nyuma ya nyumba.

Soko na moto

Saa moja nilikuwa soko ya Mulongwe. Ndagala mbichi zilikuwa chache na bei ilikuwa juu, kwani mwezi ulikuwa mkubwa. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, samaki hawasongi kwenye taa. Nikachukua ndagala kavu, mafuta ya mawese, chumvi, na unga wa muhogo wa kuongezea ule nilio nao nyumbani.

Saa mbili mbabula tatu zilikuwa zinawaka chini ya mwembe. Ndani ya jiko la mabati haikuwezekana. Ungeiva mbele ya sombe. Majirani wawili walikuja kunisaidia kutwanga. Mimi ninajua mchi. Mikono hii ilitwanga mawe Kamituga miaka sita, kabla sijaingia mambo ya chama. Jiwe unalitwanga mpaka liwe unga, na siku nyingine ndani ya unga ule hamna kitu. Sombe ni afadhali: kila ukitwanga, unakula.

Mmoja wa wale wasichana alianza kuyumba saa nne. Nikasimamisha kazi. Nikamkalisha kwenye kivuli, nikamlowesha shingo, nikampa maji kidogo kidogo. Halafu nikaweka sheria: kila robo saa, kila mtu glasi moja, hata kama kiu haijaja. Njo sheria tunayowaambia wachimbaji, na jua la jikoni ni lile lile la machimbo. Maji yenyewe tuliyachemsha tangu jana yake. Uvira inajua kolera kuliko miji mingi, na kulisha watu ishirini na sita kwa maji ya mto ni kuwaita ili uwaue.

Mtoto wa shemeji

Saa tano hivi akaingia mtoto wa shemeji yangu, kijana wa miaka ishirini na mbili, ametoka machimbo usiku ule kwenye gari ya mizigo. Vumbi mpaka kwenye kope. Tukafurahi sana. Nikampa maji, nikamuuliza habari za baba yake. Alipomaliza kunywa akanivuta pembeni.

"Tantini, uniazime ile kikaango kidogo. Dakika kumi tu. Na moto kidogo."

"Unataka kukaanga nini? Chakula iko karibu."

Akafungua kitambaa. Ndani yake kidonge cha rangi ya feza, kidogo kuliko punje ya mahindi. Wachimbaji na wake zao wanakijua: ni zahabu iliyoshikana na zebaki, ile ambayo wengi wetu tunaiita merkiri. Ukikichoma, merkiri inaenda, zahabu inabaki ya njano.

"Hapana, mwana yangu. Hapa hapana."

"Juu ya nini? Mnunuzi akiikuta haijachomwa anakata sana. Na mimi niko na deni. PDG wa shimo amekata chakula yote nilikula tangu mwezi wa sita. Njo hii tu imebakia."

Hakuwa anasema uongo. Machimboni mchimbaji anakula kwa deni, na siku ya kugawa mawe wanahesabu bugali yake kwa bei ambayo yeye hakuipanga. Miezi mitatu ndani ya shimo, na jasho lote liko ndani ya kitambaa kile.

Akaona ninasita, akaongeza: "Hata sombe iko na sumu, Tantini. Munaipika, sumu inaisha. Hii pia ni vile vile. Na moshi yake haina hata harufu."

Wasichana waliacha kutwanga. Ni swali la mtu mwenye akili, na nilimjibu kama mtu mwenye akili.

Ni kweli, jani la muhogo lina sumu. Ukilitwanga, sumu ile inaachiliwa. Ukilichemsha muda mrefu bila kufunika, inatoka na mvuke na kupotea hewani. Muhogo mchungu pia, tunauloweka siku tatu au nne na sumu inapungua mpaka tunakula. Merkiri haifanyi hivyo. Ikipata moto inakuwa mvuke usioonekana, lakini ikikutana na kitu baridi inarudi merkiri ile ile. Inarudi kwenye bati, kwenye ukuta, kwenye nywele za mtoto, kwenye nguo, kwenye kikaango ambacho kesho nitakaangia ndagala. Haiozi. Kupika hakuiondoi, na kuosha kikaango kwa sabuni na majivu hakutoshi. Na mvuke ule ukiuvuta unapita kwenye mapafu, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo. Mama mwenye mimba, unapita mpaka kwa mtoto.

Kule Ujapani kuna mji unaitwa Minamata. Kiwanda kilimwaga merkiri ndani ya bahari, watu wakala samaki, na kuanzia 1956 ugonjwa ule ukajulikana rasmi: watu wanatetemeka, hawaoni vizuri, watoto wanazaliwa viungo vimeshikwa. Ndiyo sababu mkataba wa dunia juu ya merkiri, uliokubaliwa 2013, una jina la mji ule. Sisi pia ni watu wa samaki.

Halafu nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimelisema mbele ya watu wengi. Wakati nilikuwa na mimba ya binti yangu huyu wa tatu, tulikaa kambini kwenye chumba kimoja. Bwana yangu alirudi jioni na kidonge chake, akakiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya mbabula ile ile niliyopikia maharagi. Mlango tuliufunga, kwa kuogopa wezi. Tulifanya vile miezi mingi. Mtoto akazaliwa, lakini alitembea akiwa na miaka mitatu, na mpaka leo anahesabu kwa mawe. Daktari hakuniambia ni merkiri. Hakuniambia pia si merkiri. Aliniuliza tu: "Mlikuwa mnachomea wapi?" Nilipojibu, akaandika, akanyamaza.

Kijana hakusema kitu. Alifunga kitambaa chake, akatoka bila kuaga.

Kasa

Saa nane watu walikula. Bugali wa muhogo, sombe ya mawese, ndagala zilizokaangwa na nyanya na bitunguu vya bustani, lengalenga, pilipili pembeni. Kijana alirudi, akakaa mbali na mimi, akala sahani mbili. Alikuwa ameuza kidonge chake bila kukichoma, kwa hasara. Tusidanganyane: merkiri ile haikupotea. Mnunuzi ataichoma mahali pengine, labda nyuma ya nyumba yenye watoto. Nililinda mbabula yangu tu.

Njo maana mkutano haukwenda kama nilivyoupanga. Mimi nilileta mambo ya kasa ya ugonjwa na matanga. Lakini habari ya kikaango ilikuwa imeshafika kila mkeka. Mama mmoja akauliza: kuna njia ya kuchoma bila kuvuta?

Njia iko. Ni chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba refu. Kidonge kinakaa ndani, moto chini, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa kitambaa chenye maji, na merkiri inadondoka upande wa pili, unaikusanya na kuitumia tena. Mchimbaji anapunguza gharama ya kununua nyingine. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kukitengeneza. Hata hivyo kinatumiwa nje, mbali na nyumba, na mwenye mimba na watoto wasikaribie.

Mzee mmoja wa kike akapinga: "Kifo hakingoji. Tuweke makuta ya matanga kwanza." Mwingine akamjibu: "Hiyo matanga inatoka wapi kama si kwenye hiyo moshi?" Walibishana karibu saa nzima. Tukapiga kura kwa punje za maharagi ndani ya sufuria mbili, jamaa moja punje moja. Saba kwa chombo, tano kwa matanga. Mchango wa miezi miwili ya kwanza utanunua chombo kimoja na kukipeleka machimboni. Kuanzia wa tatu, kasa ya ugonjwa na matanga. Waliopoteza kura walitoa mchango wao siku ile ile.

Kwa nyumba ambazo chombo hazina bado, tulikubaliana mambo matatu yasiyolipiwa. Merkiri haiingii jikoni, wala chumba cha kulala, hata ndani ya chupa iliyofungwa. Kijiko au kikaango kilichochoma kidonge hata mara moja hakirudi kwenye chakula. Nguo za machimbo zinafuliwa peke yake, na maji yake hayamwagwi bustanini.

Wageni waliondoka saa kumi na moja. Nikahesabu: tangu kuamka, saa kumi na mbili na nusu, na vyombo bado. Kanuni ya kazi ya 2002 inasema saa 45 kwa juma. Siku moja nitaileta ile kanuni jikoni na kuisoma kwa sauti, mabwana wakiwepo.

Jua lilipoingia nyuma ya milima tukarudi bustanini. Joto lilikuwa bado kwenye udongo, unalisikia kwa nyayo. Mtoto wa shemeji alikuwa amefika mbele yetu, amebeba bidoni mbili, kimya. Akamwaga tuta la nyanya. Binti yangu akainama, akaweka mawe mawili.