Mwili hautupi chuma cha damu, hukitumia upya

KILA sekunde, mwili wa mtu mzima huvunja takriban seli milioni 2 nyekundu za damu zilizochakaa, na kuunda nyingine kama hizo katika uboho wa mifupa. Kazi hiyo huendelea usiku na mchana bila mwenyewe kuhisi lolote.

Seli hizo, ambazo husambaza oksijeni mwilini, huishi kwa siku 120 hivi. Zinapozeeka huwa ngumu, zikashindwa kupenya katika vijia vyembamba vya wengu. Hapo hunaswa na seli kubwa za kinga, ambazo huzimeza na kuzisaga. Ini nalo hushiriki.

Protini iliyosagwa hutumika kujengea nyingine, nayo madini ya chuma hurejeshwa kwenye uboho. Kwa siku moja, uboho huhitaji zaidi ya miligramu 20 za chuma, ilhali kinachofyonzwa kutoka kwa chakula ni miligramu 1 au 2 pekee. Salio hutokana na seli zilizokufa. Ndiyo maana mama aliyevuja damu nyingi akijifungua, au mtu mwenye minyoo ya safura, hupungukiwa na chuma: hazina yenyewe imetoka nje.

Kinachosalia ni taka ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huitia katika nyongo, ikateremka hadi matumboni, na ndiyo hukipa choo rangi ya kahawia.

Taka hiyo ikizidi uwezo wa ini, macho na ngozi hugeuka manjano. Hali hii si homa ya manjano, ambayo husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu.

Huwapata wagonjwa wa selimundu, maradhi ya kurithi yanayopatikana sana Nyanza, Magharibi na Pwani, kwa kuwa seli zao nyekundu huishi siku 10 hadi 20 tu.

Watoto wachanga nao hugeuka manjano kwa sababu ini lao halijakomaa. Wengi hupona wenyewe. Hata hivyo, bilirubini ikipanda mno huweza kupenya hadi ubongoni na kusababisha uziwi, ulemavu wa kudumu au kifo. Hospitalini, mtoto huwekwa chini ya taa maalumu za buluu ambazo huigeuza taka hiyo ili itoke kwa urahisi.

Kwa hivyo, mtoto anayegeuka manjano katika saa 24 za kwanza, au anayelegea na kukataa kunyonya, anafaa kufikishwa hospitalini mara moja. Kumwanika juani nyumbani hakutoshi.