Kalemie: Kiwavi mwenye mistari asiyegusa mboga zako

KALEMIE, Tanganyika – Mvua zinapoanza, bustani za nyuma ya nyumba mjini Kalemie hugeuka kijani kwa muda mfupi. Lengalenga, matembele, muhogo na mahindi huota pamoja na magugu. Viwavi nao hutokea, na pompi ya dawa hutolewa ndani.

Asubuhi moja jirani yangu aliniita kwenye parseli yake. Kando ya uzio, juu ya mmea ambao hakuupanda mwenyewe, kulikuwa na viwavi kadhaa wenye mistari myeusi, myeupe na ya njano. Majani ya mmea huo yalikuwa yameliwa karibu yote. Hofu yake ilikuwa moja: wakimaliza hapo, watahamia kwenye mahindi. Dawa alikuwa ameshaichanganya.

Hofu hiyo inaeleweka. Tangu viwavijeshi vamizi kutoka Amerika walipogunduliwa barani Afrika mwaka 2016, wakulima wengi, wakiwemo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wamepoteza mahindi yao. Leo kiwavi yeyote akionekana bustanini anahesabiwa kuwa adui.

Lakini wale wa uzioni hawakuwa viwavijeshi. Walikuwa watoto wa kipepeo mfalme wa Afrika, anayejulikana kwa jina la kisayansi Danaus chrysippus. Mahindi ya jirani yangu hayakuwa hatarini hata kidogo.

Mmea mmoja, mlaji mmoja

Kipepeo huyu ni wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi na madoa meupe kwenye mabawa ya mbele. Ni ndugu wa karibu wa kipepeo mfalme wa Amerika ya Kaskazini, yule maarufu kwa safari yake ndefu ya kwenda kujikinga na baridi huko Mexico. Wote wawili wana sharti moja: viwavi wao hula mimea ya kundi moja tu, lenye utomvu mweupe kama maziwa.

Barani Afrika kundi hilo lina mimea mingi. Ipo ya jenasi Gomphocarpus, ambayo matunda yake yamevimba kama puto dogo lenye miiba laini, na ndani yana mbegu zenye nyuzi nyeupe zinazopeperushwa na upepo. Upo pia Pergularia daemia, mmea unaotambaa juu ya uzio na vichaka. Katika baadhi ya bustani hupandwa Asclepias curassavica, ua la rangi nyekundu na njano lililoletwa kutoka Amerika.

Tahadhari moja: si kila mmea unaotoa maziwa ni wa kundi hili. Mpapai, muhogo na mnyaa pia hutoa utomvu mweupe ukiikata, lakini kiwavi huyu haigusi.

Kipepeo jike huonja jani kwa miguu yake kabla ya kutaga. Akiridhika, hutaga yai moja moja, mara nyingi chini ya jani. Yai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Kiwavi hula kwa wiki mbili hivi au zaidi kidogo, kisha hujining'iniza na kuwa pupa wa kijani au waridi mwenye vidoto vya dhahabu. Baada ya siku 9 hadi 15 kipepeo hutoka. Joto likiwa kubwa, muda wote huo hupungua.

Sumu inayogeuzwa silaha

Mmea nao haukubali kuliwa bure. Utomvu wake hunata kama gundi, na viwavi wachanga wa jamii hii huweza kunasa humo na kufa. Walio wakubwa wana ujanja wao: hutafuna kwanza mshipa wa jani ili maziwa yasifike, ndipo wanakula sehemu iliyobaki.

Ndani ya utomvu huo mna kemikali zinazovuruga kazi ya moyo. Ni za jamii moja na digoxin, dawa ambayo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa moyo kwa kipimo kidogo sana. Mbuzi au ng'ombe akila mimea hii kwa wingi anaweza kufa. Kiwavi haidhuru kitu. Sumu hiyo anaihifadhi mwilini, na inabaki naye hata akiwa kipepeo.

Ndiyo maana hajifichi. Mistari yake ni onyo kwa ndege kwamba chakula hiki ni kichungu. Nchini Marekani, katika miaka ya 1960, mtafiti Lincoln Brower na wenzake waliwalisha ndege vipepeo wafalme waliokulia kwenye mimea yenye sumu. Ndege hao walitapika, na baada ya hapo walikataa kabisa vipepeo wa namna hiyo.

Kiasi cha sumu hutegemea mmea ambao kiwavi alikula. Wapo vipepeo wenye sumu nyingi, na wapo wasio nayo karibu kabisa, lakini ndege aliyeumia mara moja hujifunza kuwaacha wote.

Anayeiga sura

Wapo wanaonufaika na sifa hiyo bila kuwa na sumu yoyote. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Tanzania, mtafiti David Smith alichunguza kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1973. Jike wa kipepeo huyo anafanana na mfalme wa Afrika kiasi kwamba mtu asiyezoea hawezi kuwatofautisha wakiruka. Dume wake ni tofauti kabisa: mweusi, mwenye madoa makubwa meupe.

Kiwavi wa huyo mwigaji hula Portulaca, gugu lenye majani manene linalotambaa chini, ambalo katika bustani nyingi hung'olewa kila linapoota. Kwa hiyo magugu mawili tunayoyatupa yanaweza kuwa yanalea vipepeo wawili walio katika kisa kimoja.

Je, yuko hatarini?

Hapana. Kipepeo mfalme wa Afrika ameenea katika bara letu, Asia, hadi Australia. Ni mkaaji wa zamani pia: anaonekana kwenye michoro ya makaburi ya Misri iliyochorwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita.

Hata hivyo, ndugu yake wa Amerika anatupa somo. Huko, dawa za kuua magugu zimefuta sehemu kubwa ya mimea yenye maziwa mashambani. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi IUCN lilimweka kipepeo huyo anayehama katika orodha ya walio hatarini kutoweka, kisha mwaka uliofuata likamshusha daraja moja hadi kwenye kundi la walio katika mazingira ya kuathirika. Leo Wamarekani wengi wanapanda upya kwenye bustani zao mmea ambao zamani waliuita gugu.

Kwa Kalemie suala la kwanza ni mboga. Dawa inayopulizwa kumuua kiwavi asiye na hatia haibaki uzioni. Inapeperuka hadi kwenye lengalenga ambayo familia itakula wiki hiyohiyo, na inaua pia nyuki. Ni fedha inayotumika kupambana na mdudu ambaye asingekula hata jani moja la mboga.

Jinsi ya kuwatofautisha

Kiwavijeshi ni wa rangi ya kahawia au kijani kibichi kilichofifia. Kichwani ana alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama mraba. Utamkuta ndani ya moyo wa mhindi.

Mtoto wa kipepeo mfalme ana mistari myeusi, myeupe na ya njano mwili mzima, na jozi tatu za vipembe vyeusi laini mgongoni. Utamkuta kwenye mmea wenye maziwa, si kwingine.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

– Usimle. Katika nchi yetu viwavi ni chakula kizuri, na wengi hupenda wale wanaookotwa porini. Huyu si miongoni mwao, kwa sababu amebeba sumu ya mmea wake. Wafundishe watoto.

– Linda macho. Utomvu wa mimea hii ukiingia jichoni unaweza kudhuru konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na kufifisha uwezo wa kuona. Nawa mikono kila unapoukata mmea. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda hospitali.

– Kama una watoto wadogo au mbuzi, uache mmea mahali wasipofika, au uung'oe ukiwa umevaa glavu. Usalama wa mtoto unatangulia kipepeo.

– Kama nafasi ipo, acha shina moja au mawili pembeni, mbali na mboga. Majani yakiliwa yote, mmea kwa kawaida huchipua tena.

Jirani yangu hakupuliza dawa uzioni siku ile. Aliipeleka kwenye mahindi, ambako kweli alikuta majani yaliyotobolewa. Wiki chache baadaye, mmea wa uzioni ulikuwa umeanza kutoa majani mapya. Chini ya kijiti kimoja lilining'inia ganda tupu, jembamba kama karatasi. Mwenye ganda alikuwa ameshaondoka.