Yai Lenye Mwiba Katika Maji ya Tana

Urefu wake haufiki sehemu ya tano ya milimita, na ncha yake moja ina mwiba. Ni yai la mnyoo wa kichocho. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alimgundua mnyoo huyo jijini Cairo mwaka 1851. Mwaka 1994, wakala wa Shirika la Afya Duniani unaotafiti saratani ulimworodhesha miongoni mwa visababishi vilivyothibitishwa vya saratani ya binadamu. Kiungo anachokishambulia ni kibofu cha mkojo.

Bonde la Mto Tana, nchini Kenya, linamfaa sana. Kuanzia maeneo ya Garsen mto hutawanyika kuelekea baharini, na mafuriko yakipungua huacha madimbwi na maziwa ya maji yaliyotulia. Humo huishi konokono wa jamii ya Bulinus, anayelea vijidudu vya kichocho mpaka viwe tayari kumwingia mtu. Mpokomo anayelima mpunga, Muorma anayenywesha ng'ombe, mama anayefua, mtoto anayeogelea: wote huingia maji yale yale, na kijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Mnyoo aliyekomaa hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, akitaga kila siku kwa miaka.

Mayai mengine hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo, pamoja na damu. Mengine hukwama ukutani. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili hupambana nayo bila kukoma, ukuta ukajaa makovu, na chembe zinazojijenga upya mara kwa mara zikaweza siku moja kukosea njia.

Kwa hiyo yai hili ni kiashiria kinachoweza kuonekana miongo kadhaa kabla ya uvimbe wa saratani. Kulitafuta si kazi kubwa: mkojo uliochukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi, huchujwa mililita 10 na kuangaliwa kwa hadubini. Mayai 50 au zaidi ni maambukizi makali. Kijiti cha kupimia mkojo nacho huonyesha damu ambayo jicho halijaiona.

Mataifa tajiri yana viashiria vyao. PSA hupimwa katika damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, na NMP22, protini ya kwenye mkojo, husaidia kumfuatilia mgonjwa aliyewahi kutibiwa saratani ya kibofu. Hata huko, saratani ya figo bado haina kipimo cha damu au mkojo kinachotegemewa hospitalini kuigundua mapema. Mara nyingi huonekana kwa bahati, mtu akipigwa picha ya tumbo kwa sababu nyingine.

Lakini kipimo kilichobuniwa mahali pasipo na kichocho hakiwezi kusomwa vivyo hivyo Garsen. NMP22 hupanda pia kibofu kikiwa na uvimbe wa maambukizi. Damu yenyewe huweza kuwa ya kichocho, ya mawe, ya maambukizi ya bakteria au ya saratani. Tena, mnyoo akishakufa mkojo wa mtu mzima unaweza kukosa mayai kabisa, ilhali yaliyokwama yamegeuka chokaa ndani ya ukuta. Hapo hadubini haitoshi. Inahitajika picha ya mawimbi ya sauti, au kamera ndogo inayopitishwa kwenye njia ya mkojo. Vipimo hivyo vinastahili kusogezwa karibu na watu wa delta.

Mtoto mwenye kichocho hutibiwa kwa dawa ya prazikwanteli, na shuleni dozi hukadiriwa kwa fito ya kupimia kimo. Dawa huua mnyoo lakini haimkingi mtu akirudi majini.

Mkojo mwekundu wa kijana si dalili ya kubalehe, kama wengi barani Afrika walivyoamini; mpelekeni akapimwe. Na wewe uliyekwisha kupita miaka 40, ukiona damu hata bila maumivu, hata kama uliwahi kutibiwa kichocho, nenda hospitali ukaangaliwe kibofu.