Msindano Unapovaa Rangi ya Mninga

Chukua kipande cha ubao wa msindano, paina kama wengi tunavyouita, ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mistari ya aina mbili inapokezana. Mmoja ni mpana na mweupe, laini kiasi kwamba ukucha huacha alama. Mwingine ni mwembamba, mgumu, wenye rangi ya asali. Ule mpana uliota mti ukikua kwa kasi. Huu mwembamba uliota kasi ilipopungua. Sasa paka rangi ya mninga ya kopo, futa kwa kitambaa, subiri robo saa, utazame tena. Sehemu nyeupe zimekunywa rangi na kuwa nyeusi, zile za asali zimeikataa na kubaki zimepauka. Ubao umegeuka kama negativu ya picha za zamani: palipokuwa peupe pana giza, palipokuwa na giza pana mwanga.

Hapo ndipo kitanda cha paina kinapojitambulisha hata ukiwa bado mlangoni. Wateja husema rangi imekosewa, na fundi hukimbilia kuongeza mkono wa pili, kisha wa tatu. Nami nilifanya hivyo kwenye kitanda cha kwanza nilichouza. Kila mkono ulizidisha giza kwenye mistari laini, na ubao wa kichwani ukaishia na madoa kama shuka lililomwagiwa chai. Nilirudia kazi yote kwa randa. Kasoro haikuwa ya rangi. Ilikuwa ya kiu ya mbao, ambayo sikuituliza kabla ya kupaka.

Mninga wenyewe umejengwa tofauti. Ni mti wa majani mapana, na mbao zake zina vitundu vya mishipa iliyopandisha maji; ukiuchana kwa urefu, vitundu hivyo huonekana kama mikwaruzo mifupi ya kalamu ya risasi. Msindano hauna mishipa ya namna hiyo. Kwa hiyo anayeusogelea mpaka pua iguse mbao hatadanganyika, na sioni aibu kusema hivyo. Tunachoweza kuiga ni sura ya hatua mbili tatu: joto la rangi, utulivu wa mistari na ule mng'ao wa dhahabu unaochungulia chini ya kahawia.

Na iko sababu nzuri ya kuhangaika. Mninga hukua taratibu kwenye misitu ya miombo, na mti wa kuvunwa leo umeishi zaidi ya umri wa mtu mzima. Mwaka 2022 jamii ya mninga ya Afrika iliingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Msindano wa shamba la miti la Sao Hill, pale Mufindi, hupandwa, hukatwa na kupandwa tena ndani ya miaka isiyofika 30. Familia inayotaka kabati la kahawia sebuleni inaweza kulipata bila mti wa porini kuanguka.

Kazi huanza kwenye kuchagua. Mbao zenye mistari iliyonyooka zinafaa kuliko zile zenye michoro kama ndimi za moto, kwa sababu ndimi hizo hazifichiki. Piga msasa namba 120, kisha 180, ukifuata mistari. Vichwa vya mbao, pale palipokatwa msumeno, viongezee namba 220, maana hunywa rangi kuliko popote na huwa vyeusi kama makaa. Gundi iliyochuruzika kwenye viungo ing'oe yote. Rangi haipenyi juu ya gundi, na doa jeupe litakusuta baadaye. Kisha lowanisha ubao kidogo kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, nyuzi zisimame, uzikate kwa msasa. Ukiiruka hatua hii, rangi ya maji itazisimamisha yenyewe, na utapiga msasa juu ya kazi yako.

Mkono wa kwanza uwe rangi ya maji ya manjano, nyepesi sana. Rangi ya aina hii imeyeyuka kabisa, hivyo huingia kwenye mistari laini na migumu kwa karibu usawa. Ikikauka, ndipo unapoituliza kiu: sila, yaani kimiminika cha kuziba mbao, iliyochanganywa na thina nyingi, sehemu moja kwa tatu, mkono mmoja tu, kisha msasa wa 220 kwa mkono mwepesi. Juu yake sasa futa rangi ya kahawia yenye mafuta, ile ambayo chembe zake hutuama chini ya kopo mpaka uikoroge. Chembe hizo hazipati tena pa kuzama ovyo. Hubaki juu, nawe unaamua kwa kitambaa ziwe nyingi kiasi gani. Iache ikauke kabisa, hata kama mteja anapiga simu. Vanishi ikipakwa juu ya mafuta mabichi hujikunja au hubanduka.

Ikiwa bado imepauka, usirudi kwenye kahawia. Tia rangi kidogo ndani ya vanishi yenyewe, upulize mikono myembamba miwili. Na kila hatua ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule. Rangi ya kwenye kopo haikuambii chochote.

Kuiga weusi wa mpingo ni habari nyingine. Kwenye masoko ya vinyago, mti mweupe hupakwa dawa ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Kitambaa chenye spiriti hutoka cheusi, na kinyago hakina uzito. Mpingo halisi ukitiwa majini huzama. Ukitaka weusi wa kweli, loweka kwenye siki waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria kwa siku kadhaa, chupa ikiwa imefunikwa kwa kitambaa tu ili gesi itoke. Pakaza kwanza chai ya rangi iliyokolea sana kwenye mbao, ikauke, kisha paka siki hiyo. Tanini ya chai hukutana na chuma, na mbao hugeuka nyeusi mbele ya macho yako ndani ya dakika chache. Weusi huo umo ndani ya nyuzi. Haufutiki kwa kitambaa.

Kwenye risiti zangu huandika "paina, rangi ya mninga". Na chini ya kila droo huacha ubao bila rangi, mweupe kama ulivyotoka kiwandani, ili atakayeipindua siku moja aone mti wenyewe.