Madaktari wakitofautiana, hakimu afuate ya nani?

Chukua mama aliyeshikwa na uchungu usiku katika kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji, Tunduma, malori yamejipanga barabarani kuelekea mpakani. Njia inafunguka polepole. Daktari mmoja angesubiri. Mwingine angemwekea dripu ya kuongeza uchungu. Wa tatu angeita gari la wagonjwa liende Mbeya, takriban kilomita 100. Mtoto akifa, ndugu watauliza kwa nini haikufuatwa ile njia nyingine, na wana haki ya kuuliza. Mahakama, hata hivyo, haimhukumu daktari kwa matokeo peke yake.

Kipimo kinachotajwa sana kilitoka Uingereza mwaka 1957, katika kesi ya Bolam, mgonjwa wa akili aliyevunjika nyonga akitibiwa kwa umeme bila dawa ya kulegeza misuli. Wataalamu walitofautiana kuhusu dawa hiyo. Jaji McNair alieleza kwamba daktari aliyefuata utaratibu unaokubaliwa na wenzake wenye ujuzi hawi mzembe kwa sababu tu wapo wanaoupinga. Mwaka 1997 kesi ya Bolitho ikaongeza sharti: maoni ya wataalamu hao nayo yawe na mantiki. Kwetu Tanzania hukumu hizo hazifungi mahakama, ila hushawishi. Na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Uganda ya 1974, ilishasema si kila kuteleza ni uzembe. Uangalifu hupimwa kwa mazingira halisi ya tukio.

Mazingira ya Tunduma si ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, kweli. Lakini uhaba usigeuzwe kichaka cha kujifichia: asiye na chumba cha upasuaji ndiye anayepaswa kutoa rufaa mapema zaidi.

Ushahidi mzito uko kwenye partografu, ile chati ya uchungu. Ina mstari wa tahadhari, na saa 4 mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Aliyesubiri huku akiandika mapigo ya moyo wa mtoto na kuonyesha sababu zake ana utetezi. Chati ikiwa tupu, atasema alichagua nini?

Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumwadhibu daktari. Fidia hudaiwa mahakamani, ndani ya miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, hutangulia notisi ya siku 90. Kwa hiyo nakala ya faili iombwe mapema, hata kabla matanga hayajaisha.