Jina likichafuliwa kijijini, uanzie wapi?

MTU akiibiwa kuku anajua pa kuanzia: kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi. Anayechafuliwa jina hajui aende wapi. Wengi hulia ndani, wengine hujibu matusi kwa matusi, na familia mbili zilizokuwa zikizikana zinaanza kupishana njiani bila salamu.

Chukua mfano wa Mlali, wilayani Mvomero, chini ya Milima ya Uluguru, ambako nyanya na kabichi kutoka Mgeta hupita zikielekea Morogoro mjini. Mama anayeuza mboga huishi kwa kuaminiwa. Anachukua mzigo kwa mkulima leo, analipa akishauza.

Sasa fikiria mama huyo ni mweka hazina wa kikoba, na siku ya kugawana fedha zinapungua. Kabla hesabu haijarudiwa, mwenzake anasimama mbele ya wanachama na kusema: "Huyu mwizi, katula hela zetu." Jioni maneno yako kwenye kundi la WhatsApp. Wiki inayofuata inagundulika kuna mkopo haukuandikwa daftarini. Lakini mkulima ameshakataa kumkopesha mzigo, na nyumbani mume ameanza kuuliza maswali.

Kashfa ni nini?

Siyo kila neno baya ni kashfa. Anayedai lazima aonyeshe kwamba maneno yalimfikia mtu wa tatu, yalimhusu yeye, hayakuwa ya kweli, na yalimshushia heshima mbele ya watu au kumharibia kazi. Ukitukanwa mkiwa wawili tu, umeumia, lakini jina lako halijaguswa.

Ndiyo maana utani hauhesabiwi. Mtani wa Mluguru anaweza kumwita mwizi hadharani msibani na watu wakacheka, kwa kuwa hakuna aliyeamini. Kwenye kikoba watu waliamini.

Aliyesema ana haki ya kujitetea. Akithibitisha kuwa alisema kweli, kesi imekwisha. Aliyepeleka malalamiko polisi kwa nia njema naye hulindwa. Lakini kujitetea kwa "lisemwalo lipo" hakusaidii, maana anayerudia uvumi wa mwingine naye ameusambaza.

Maneno ya mdomo yana ugumu wake. Mara nyingi mlalamikaji hutakiwa kuonyesha hasara aliyoipata, isipokuwa pale alipotuhumiwa kosa la jinai, kama wizi, au aliposemwa vibaya katika kazi yake. Yaliyoandikwa hayana sharti hilo.

Membe na Musiba

Kesi iliyozungumzwa sana nchini ni ya Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 2018 alimfungulia kesi Cyprian Musiba na gazeti la Tanzanite, akidai fidia ya Sh10 bilioni kwa habari alizosema zilimchafua. Oktoba 28, 2021, Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimpa ushindi na kuamuru alipwe Sh9 bilioni. Membe alifariki dunia Mei 2023.

Wa kijijini asitazame mabilioni. Atazame muda: kutoka kufungua kesi hadi hukumu ilipita karibu miaka mitatu, na hiyo ni kwa mtu mwenye mawakili.

Hatua za kuchukua

Kwanza, andika maneno yenyewe kama yalivyosemwa, siku, mahali na waliokuwepo. Ujumbe wa simu usifutwe.

Pili, mpelekee aliyesema barua ya kumtaka afute kauli na kuomba radhi. Mashauri mengi huishia hapa, hasa wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kijiji au viongozi wa dini wakisaidia kusuluhisha. Asiye na fedha za wakili anaweza kuonana na wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Tatu, ikishindikana, kesi ya madai ya kashfa kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Wilaya. Usichelewe: madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kumbuka pia kwamba anayeshindwa kwa kawaida hubebeshwa gharama za mwenzake.

Wapo wanaotaka mbaya wao afungwe. Mwaka 2023 Bunge liliondoa kashfa kwenye makosa ya jinai katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Hata hivyo, lugha ya matusi bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu anayesambaza kwa makusudi taarifa za uongo mtandaoni.

Radhi iombwe wapi?

Suluhu nyingi huharibika kwenye jambo moja: mtu aliyechafuliwa mbele ya wanachama thelathini anaombwa radhi jikoni, watu wawili, mlango umefungwa. Wale thelathini wanabaki na neno la kwanza.

Radhi ifike pale kauli ilipofika. Mweka hazina wa Mlali anahitaji mwenzake asimame kwenye kikao kilekile, aseme hesabu ilikosewa na mama huyu hakuiba, kisha aandike hivyo kwenye kundi lilelile la simu. Mkulima akisikia, mzigo utarudi. Na watoto wake, walioulizwa shuleni kama mama yao ni mwizi, watakuwa na la kujibu.