Kwa Nini Mistari ya Latitudo Huitwa Sambamba

Neno sambamba si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Twasema watu wawili wanakwenda sambamba, yaani bega kwa bega, wala hakuna amsogeleaye mwenziwe. Lakini neno hilo likiingia katika somo la ramani huleta mashaka, na katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita mashaka hayo yana sababu.

Mwanafunzi akitazama ramani ya nchi hii huona mistari ya latitudo imelala toka mashariki hata magharibi, na ya longitudo imesimama toka kaskazini hata kusini. Yote yaonekana sambamba. Basi huuliza, mbona hii iliyolala peke yake ndiyo ipewayo jina hilo? Swali lake ni la haki, kwa maana sisi tu karibu na Ikweta. Hapa digrii moja ya longitudo ni kama kilometa 111, na ya latitudo ni kama kilometa 110 na nusu. Jicho haliwezi kuzipambanua. Lakini katika mji wa Oslo, karibu na digrii 60 kaskazini, digrii ya longitudo imepungua hata kilometa 56 tu, na penye ncha ya dunia si kitu kabisa, maana mistari yote ya longitudo hukutana hapo.

Yafaa mwalimu achukue tikiti. Michirizi yake hutoka kikonyoni, hutanuka tumboni, kisha hukutana tena upande wa pili: hiyo ndiyo longitudo. Sasa alizungushie kamba nyembamba, moja tumboni, ya pili juu yake, ya tatu juu zaidi. Kamba za juu ni fupi, lakini nafasi kati ya moja na nyingine haibadiliki po pote. Ile ya tumboni ni Ikweta. Aliyesoma jometri atasema kwamba hizo si mistari iliyonyoka, bali ni duara. Ni kweli, na sisi twapenda zaidi kuziita duara, ila desturi ya karatasi imeshinda. (Neno latitudo lenyewe ni la Kilatini, maana yake upana, kwa watu wa kale dunia waliyoijua ilikuwa ndefu toka mashariki hata magharibi.)

Geita i karibu na digrii 2 na dakika 52 kusini, Shinyanga digrii 3 na dakika 40. Tofauti ni dakika 48, yaani kama kilometa 88. Mtu akiifuata duara ya Shinyanga kuizunguka dunia yote, duara ya Geita itakuwa kaskazini yake kwa kilometa zizo hizo, nchi kavu na baharini.

Wala jambo hili si la darasani tu. Kwa mkataba wa Waingereza na Wadachi wa tarehe 1 Julai 1890, duara ya digrii 1 kusini ilifanywa mpaka katika ziwa Victoria na magharibi yake. Duara hiyo i kaskazini ya duara ya Geita kwa kilometa 206 hivi. Hata leo ndiyo itengayo Tanzania na Uganda toka ziwani hata mto Kagera. Mto hupinda, duara haipindi kaskazini wala kusini. Kwa hiyo imebaki nchi ya Tanzania ng'ambo ya mto, kaskazini yake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliiteka nchi hiyo, naye akadai kwamba mpaka ni mto. Vita vikafuata hata mwaka 1979, na mpaka ukabaki katika digrii ile ile.